Maharage yaliyofukuliwa kila mapumziko

Mtu wa kwanza kunishauri jinsi ya kuwafundisha bustani watoto wa shule aliniambia ninunue majembe madogo. Wa pili akasema nianze na mahindi, maana kila mtoto anayajua. Wa tatu, mzee mmoja aliyestaafu ualimu, akasema darasa la kwanza hawafundishiki bustani, niwasubiri wafike la nne. Wote niliwasikiliza kwa adabu, na wawili wa kwanza nikawatii. Hapo ndipo hela yangu ilipoanza kuliwa.

Mimi sikupita chuo cha ualimu. Nimelima mboga bondeni, kando ya mto Ngerengere hapa Morogoro, tangu mwanangu wa kwanza ananyonya: mchicha, chainizi, figiri, matembele. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa mteja wangu wa jioni. Siku moja, huku anachagua mafungu kama kawaida yake (hakuna mtu mgumu wa kuchagua fungu la mchicha kama mwalimu), akaniambia, "Mama, tuna kiwanja pale nyuma kinaota mbigili tu. Njoo utufundishie hawa wadogo, mara mbili kwa wiki." Akataja na posho. Nilicheka, na nikiikumbuka bado nacheka. Lakini nilikwenda. Ilikuwa Februari, masika yananukia.

Nikapewa awali, la kwanza na la pili. La kwanza peke yao walikuwa 94.

Majembe yale nilichongesha kwa fundi, kumi, kwa kama elfu sita au saba kila moja, mipini mifupi, yanapendeza kweli. Yalifanya kazi dakika tano. Mtoto wa miaka sita akishika jembe halimi, anapiga. Analinyanyua mpaka juu ya kichwa kama anatwanga, anafumba macho, analiachia. La tatu kushuka lilitua shubiri moja kutoka kwenye dole gumba la mwenzake. Niliyakusanya palepale, miguu inanitetemeka, nikayafungia stoo. Wiki iliyofuata nikawaambia kila mmoja aje na kijiko kibovu cha nyumbani. Vikaja vijiko, tena vizuri vizuri, na nyuma yake akaja mama mmoja, mkono kiunoni, kufuata kijiko chake cha wageni. Tukaishia na vijiti vya mpera vilivyochongwa ncha, bei yake bure. Kijiti kinatosha kabisa kuchimba shimo la mbegu, na mtoto akikipoteza hakuna anayelia.

Mahindi nayo yaliota vizuri, sina ugomvi nayo. Ila miezi mitatu kwa mtoto wa darasa la kwanza ni sawa na milele. Wiki ya pili walishayasahau, na mwezi wa sita shule ikafungwa, mabichi wakachoma wengine. Mchicha siku ya nne umeshachomoza, wiki ya nne uko sufuriani. Mtoto aliyepanda Jumatatu akaona kijani Ijumaa huyo ni wako. Mbegu zake ni kama vumbi, kwa hiyo changanya kiganja kimoja cha mbegu na viganja vitano vya mchanga mkavu ndipo uwape wamwage. Vinginevyo mmoja atazimimina zote mahali pamoja, utaota msitu wa upana wa sahani.

Kitu ambacho hakuna mshauri hata mmoja alinitajia ni hiki. Siku ya kwanza kabisa niliposimama mlangoni nikasema kwa furaha, "Haya wanangu, twende bustani," binti mmoja wa dawati la mbele alianza kulia. Si kulia kwa deko, kulia kwa kwikwi. Nilipomwinamia akasema, "Mwalimu, mimi leo nimewahi."

Kumbe kile kiwanja ndiko walikokuwa wanapelekwa wachelewaji. Ukikuta namba, yaani usafi wa asubuhi, zimeshakaguliwa, mwalimu wa zamu anakuelekeza kule ukang'oe mbigili kwa mikono. Kwa watoto wale neno bustani lilikuwa jina la adhabu. Na si wao tu. Wazazi wangu na majirani wa rika langu walisoma wakati wa Elimu ya Kujitegemea, ile ya Mwalimu Nyerere ya 1967, ambayo ilitaka shamba liwe sehemu ya masomo yenyewe, mtoto ajifunze huku anazalisha. Wazo zuri. Lakini waulize wengi waliolima mashamba yale, watakusimulia fimbo kabla ya mavuno. Baba mmoja alinifuata hadi genge langu kuniambia, "Mimi nimempeleka mtoto akasome. Kulima ningemfundisha mwenyewe."

Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba jambo moja: asipelekwe mtu bustani kwa kosa. Achelewe, atukane, apigane, atafutiwe kwingine. Alikubali. Mwalimu wa zamu hakufurahi, maana mbigili zilikuwa zinamsaidia.

Sasa nije kwenye maharage.

Baada ya mchicha nilitaka mbegu kubwa, inayoshikika, ili wajifunze kupanda moja moja. Tukapanda maharage matuta mawili, shimo la urefu wa pingili mbili za kidole cha mtoto. Niliwaambia yataota ndani ya wiki. Wiki ikapita, kimya. Nikalaumu mbegu, nikaenda kugombana na muuza nafaka sokoni, mwanamke wa watu akaapa kwa watoto wake. Nikapanda tena kwa mbegu nyingine. Kimya. Nikasema ni mchwa, nikamwaga jivu. Nikasema ni panya. Mara ya tatu nililoweka mbegu usiku kucha, nikazipanda kwa mkono wangu mwenyewe, kila moja, huku najisemea miye niliyelisha nusu ya mtaa nitashindwaje na harage.

Siku ya tatu nikaja saa nne, saa ya mapumziko, siku isiyo yangu. Nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Kengele ikalia. Wakaja mbio kama ishirini hivi, wakachuchumaa kwa mstari, kimya, kwa heshima kubwa kama watu walioingia msikitini. Kila mmoja akachomeka kijiti chake, akafukua harage lake, akalipangusa kwa sare, akalitazama, akamwonesha jirani, akalirudisha na kulifukia. Mmoja alilinong'oneza kitu kabla ya kulifukia. Kisha wakaondoka mbio kwenda kucheza. Walikuwa wanafanya hivyo kila siku, tena mapumziko yote mawili!

Nilitaka kukasirika ikashindikana. Mimi ndiye niliyewaambia, "Kila mtu aliangalie harage lake kila siku." Waliliangalia.

Kuwakataza kungenirudisha kwenye fimbo. Usiku nikawaza, asubuhi nikapita kwenye banda la chipsi nikaokota chupa tupu za maji, zile kubwa zinazoonesha ndani, kama thelathini. Nikazikata shingo, nikatoboa vitundu chini ya kila moja maji yatoke, nikajaza udongo. Harage linabanwa ukutani kabisa, kati ya plastiki na udongo, lionekane kwa nje. Halafu chupa inavishwa karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari, kwa sababu mzizi ukipigwa na mwanga unakimbilia ndani ya udongo na huuoni tena. Watoto watatu chupa moja. Saa ya mapumziko wanavua karatasi, wanachungulia, wanaivisha tena.

Siku ya tatu nilisikia kelele mpaka ofisini. "Mwalimu, letu lina mkia!" Wengine wakasema si mkia ni mnyoo, wakataka kulitoa lisife. Nikawaacha wabishane. Mzizi ulikuwa umetangulia kwenda chini, jani halijaonekana hata kidogo, na kitu hicho wengi wa walimu walikuja kukitazama kwa aibu kidogo, maana walikuwa wamekisoma miaka yote na hawajawahi kukiona. Tukageuza chupa moja kichwa chini. Baada ya siku chache mzizi ulipinda ukaelekea chini upya. Hilo nalo lilizua makelele.

Matutani nikawaachia pia kona moja, tuta la kuchungulia. Tunapanda maharage kumi na tano, kila siku mtoto mmoja anaruhusiwa kufukua moja na kuwaeleza wenzake alichokiona, na hilo halirudishwi. Mengine hayaguswi. Hawakuyagusa, isipokuwa yule anayenong'oneza, ambaye nilimfumbia macho.

Mwalimu wao wa darasa alikuwa ananitazama pembeni, akilalamika kwamba namlia muda wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Nikamwambia aje na chaki yake. Tulifukia mangapi, tumefukua mangapi, yamebaki mangapi? Toka siku hiyo anakuja na daftari la maandalio, na hesabu za kutoa anazifundishia matutani.

Mengine ya kujua ni madogo madogo. Siku ya udongo weka Ijumaa. Nilianza na Jumatatu na Jumatano, nikapokea salamu za akina mama kuhusu mashati meupe. Nilipohamia Ijumaa, siku sare inakokwenda kufuliwa, salamu zikakoma. Keni za kumwagilia usinunue. Watoto wanakuja na vidumu vya maji, toboa vifuniko kwa msumari wa moto, kila mtu ana keni yake na akifika kwao anabadilisha kifuniko. Wakimaliza wanawe mikono kwa sabuni kabla ya uji, simama palepale uone, usiamini neno "nimenawa". Mbolea ya kuku ikae miezi mpaka ipoe na isinuke. Hili najua toka ujanani, na bado nilichukua viroba viwili vibichi vya bure bandani kwa mtu, kwa uroho, nikaunguza kitalu kizima cha chainizi mbele ya watoto mia. "Mwalimu, imekuwaje?" Nikawaambia ukweli, mwalimu wenu ni mroho. Walilipenda sana jibu hilo, wakalirudia kwa wiki mbili.

Kuku wa jirani ndiyo sijawashinda. Wigo wa miiba wanapita chini, nyavu nimeweka wanaruka. Nimepanda matembele upande wao, maana rando, shina lake linalotambaa, likiparuliwa linashika tena, wakimaliza hasira zao pale mchicha unapona kiasi.

Mwaka wa pili mwalimu wa zamu akanijia na madaftari yake, amekunja uso. Idadi ya wachelewaji wa darasa la pili ilikuwa imepanda. Alikuwa amerudia zamani yake kimyakimya, akiwapeleka bustani siku zisizo zangu akidhani sitajua. Nao walikuwa wanajificha nyuma ya duka la barabarani mpaka namba zikaguliwe, ndipo waje mbio, wanahema, vijiti vyao wameshavishika mkononi.

Akaniuliza afanyeje. Nikamwambia anayechelewa aambiwe leo bustani haendi. Alijaribu Alhamisi moja na mtoto mmoja tu, yule anayenong'oneza. Alilia hadi mwalimu mwenyewe akamshika mkono kumleta.