Elementi zinazoogopa moto wa wastani

Mjomba, fundi wa masufuria hapa Katwe, anacheka nikimwambia kuna elementi za tanuri la umeme, yaani vile vipande vinavyotoa joto, zinazoweza kuumia kwenye nyuzi 500 lakini zikastahimili 1,600. "Mpwa wangu, na vitabu vyako!"

Ni za molibdeni disilisaidi: atomi 2 za silikoni kwa kila 1 ya molibdeni, zimepangika kwa utaratibu, si mchanganyiko wa hovyo kama vyuma chakavu anavyoyeyusha yeye. Moto ukiwa mkali, oksijeni hushikana na silikoni na kutanda ngozi nyembamba ya kioo cha silika. Oksidi ya molibdeni hupaa kama mvuke. Ufa ukitokea, kioo kinauziba chenyewe. Raha tupu.

Shusha sasa hadi kati ya 400 na 600. Oksidi ile haipai tena. Inabaki palepale, inavimba ndani ya nyufa na vitundu, na kipande kisichokuwa na kioo cha kukilinda huishia unga, kama muhogo mkavu ulioingiwa na dumuzi. Mtafiti Erich Fitzer alilieleza jambo hili mwaka 1955. Dawa mojawapo ni kuichoma elementi kwa moto mkali kwanza, ipate ngozi yake.

Titani aluminidi, muungano wa titani na alumini uliopangika vivyo hivyo, haina bahati hiyo. Ikipita nyuzi 800 hivi, oksidi ya titani inaingiliana na ya alumini, ngozi inabanduka. Ndiyo maana kwenye injini ya ndege ya GEnx iliwekwa kwenye mapanga ya safu za nyuma za turbini, sehemu inayozungushwa na gesi ya moto, ambako gesi imeshapoa kiasi.