Siku moja maishani mwangu: kazi ya data, Lubumbashi

Saa 11 alfajiri niko macho, nachaji komputa na betri ya akiba mbele umeme haujaondoka. Chai, mkate, naanza. Hapa Katuba watu wanazani anayeshinda nyumbani na komputa eko anaangalia filamu, lakini hii kazi njo inalisha nyumba yetu.

Saa 2. Kuko papa moja anauza paneli za sola, amenipa faili ya meseji za wateja, anataka malalamiko yanayofanana yakae pamoja hata kama maneno ni tofauti, huyu anaandika "betri haishiki", yule "taa inazimika usiku". Natumia LaBSE, modeli ya komputa iliyofunzwa kulinganisha maana ya sentensi, inajua lugha zaidi ya 100, Kiswahili kimo, kila meseji inaigeuza kuwa orodha ya namba 768 na zenye maana moja namba zake zinakaribiana. Naanzisha kodi, yaani maagizo niliyoandikia komputa, inafika kwenye kusafisha maandishi, inakufa:

TypeError: expected string or bytes-like object, got 'float'

Asubuhi yote imeishia hapo. Programu ilingoja maandishi ikapewa desimali, na mimi nikifungua faili naona maandishi tu. Papa anapiga simu. "Mwanangu, imeisha?" "Bado papa, kuko tatizo ndani ya faili." "Si komputa njo inafanya, wewe unangoja nini?" Namweleza kwa heshima, anakata, anapiga tena, umeme nao unaondoka, joto, macho yanauma, nachapisha aina ya kila mstari (str ni maandishi, float njo ile desimali): str, str, str, float. Nimekupata! Mstari mtupu, kisanduku chake cha meseji hakina kitu. Pandas, chombo changu cha kusoma majedwali, ikisoma CSV (faili ya jedwali) ikakuta kisanduku kitupu inaweka NaN, alama ya "hakuna kitu", na NaN kwa Python, lugha ninayoandikia kodi, ni float.

Wengi hapo wanabandika str(), inayogeuza kila kitu kuwa maandishi, wanaenda kula. Kosa linapotea kweli, lakini NaN inakuwa neno "nan", modeli inalipatia namba zake 768, na mistari mitupu yote inakuwa kundi kubwa la malalamiko ambayo hakuna mtu ameyaandika. Siwezi kumpelekea mtu uongo wa vile.

Bukari (ugali) nimekula sijui saa ngapi. Nikarudi kwenye safu ya aina ya meseji: kila mstari mtupu ni odio. Wale wateja hawakunyamaza, waliongea! Nikatenga kwa notna(), inayoonyesha visanduku visivyo vitupu, maandishi yakapita mpaka mwisho, sauti nikaziwekea faili yao.

Giza limeingia nikampigia. "Papa, hizi sauti lazima mtu azisikilize, aziandike." "Hiyo ni bei ingine?" "Ndiyo papa, ni kazi ingine." Akakubali tuanze na za mwezi huu.