Kamba yenye mafundo kando ya Mto Njoro

Ukishauriwa kwamba kuleta pamoja wakulima, serikali na wafanyabiashara huanza na semina hotelini, kataa. Mimi ni katibu wa chama cha watumiaji maji huku juu, Mto Njoro, Kenya, na ushauri huo nusura utuvunjie chama. Hela ya ukumbi na chakula ilienda, si kidogo. Wenye mashamba hawakuja; nani aache kukama aende Nakuru mjini? Maafisa walikuja, wakabishana juu ya mita. Wa maji alishikilia kanuni za 2007: ukanda usiolimwa kando ya mto usipungue mita 6, ufike hadi 30 mto ukiwa mpana. Wa kilimo akasema zake za zamani zinaanzia mita 2. Kila mmoja alikuwa na sheria yake mkononi. Sasa mkulima amsikie nani?

Mara ya pili niliwaita mnyweshoni, asubuhi, punda wa wauza maji na ng'ombe wakiwa hapo hapo. Nilikuja na kamba ya katani niliyoipiga fundo kila mita moja. Sheria sikuitaja. Nilimkabidhi kamba mzee mmoja anayelima mpaka majini, nikamuuliza, "Mzee, ulipoanza kulima hapa, ukingo ulikuwa wapi?" Akanyoosha kidole kwenye jiwe lililo ndani ya maji. Kijana akaingia na ncha ya kamba, mzee akavuta, akahesabu mafundo kwa sauti hadi alipofika kwenye mahindi yake. Matano: mita tano za ukingo zimeliwa na mto. Watu wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja ana jiwe lake. Jirani wa ng'ambo akaomba kamba. Afisa wa kilimo mwenyewe ndiye aliyesema, "Wazee, hapa mita 2 hazitoshi."

Tukakubaliana 6. Hakuna anayeachia ardhi bure, kwa hivyo ukanda tuliupanda majani ya Napier na mianzi: ng'ombe wanakula, udongo unashikwa. Vipandikizi vilitoka kilimo, miche kwa watu wa msitu. Wauza maji walichanga simiti ya hori, punda wasiingie mtoni tena. Waiteni pia watu wa hifadhi, msiwasahau: mto huu unaishia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto wa kulitoa maji, kwa hivyo udongo wetu ukifika huko haupiti.

Posho hatukulipa mtu. Chai na mkate tu. Mkataba uliandikwa baadaye, ukurasa mmoja, na humo tulikubaliana pia kwamba mikaratusi iliyobaki ukingoni ikikatwa haipandwi tena.