Tulidhani ni meno ya maji

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Meru. Huku mtoto akiota meno ya kahawia hakuna anayeshtuka. Maji yana floraidi nyingi, na kuanzia mama mkwe wangu hadi kondakta wa daladala, wengi wanacheka kwa meno ya kahawia. Neema alipoota meno rangi ya chai ya rangi, tukasema ni maji, yakaisha.

Kilichoninyima usingizi ni mifupa. Ana miaka miwili aliteleza mkekani, mkono ukavunjika. Mwaka uliofuata binamu yake alimvuta wakicheza, mkono uleule. Akiwa na minne likavunjika paja, kwa kuruka ngazi moja ya baraza! Siku ile nesi alinitoa nje ya wodi akaniuliza, taratibu, nyumbani kwetu nani ana hasira. Alikuwa anafanya kazi yake, najua, lakini tangu hapo nikajifunza kuficha. Nikiulizwa habari za mtoto, najibu kwa mkato. Nyumbani tukazidi kumnywesha supu ya makongoro, hadi akisikia harufu ya sufuria anakimbilia kwa jirani.

Kwa daktari wa meno nilikwenda kwa jambo dogo. Jino la mbele lilikuwa limebanduka juu, kama chokaa ya ukuta ulioliwa na chumvi, na ncha yake inamkwaruza ulimi. Daktari alitazama, akanyamaza, akachukua taa ndogo akaiweka nyuma ya jino.

"Mama Neema, sogea uone."

Mwanga ulipenya. Jino liling'aa kama kaharabu.

Akanieleza kuwa floraidi inaharibu enameli, lile ganda la nje, na huacha mabaka, hasa kwenye meno ya ukubwani. Haya yalikuwa ya utoto, yote rangi moja, yamesagika karibu na fizi. Enameli yenyewe haikuwa na kosa; dentini iliyo chini yake ndiyo dhaifu, haina nguvu ya kuishikilia. Kwenye eksirei akanionyesha: kichwa cha jino kimevimba, shingo imebanwa, mizizi mifupi, na kile chumba cha neva katikati kimezibika.

"Ameshawahi kuvunjika?"

Nikanyamaza. Nilimwona yule nesi tena.

"Sikuhoji, mama. Dentini na mfupa vinajengwa kwa protini ileile, kolajeni. Kikiharibika kimoja, lazima niulize cha pili."

Nikamwaga yote. Akashusha kope ya chini ya Neema kwa kidole, nami nikaona nilichokuwa nakiona kila siku: weupe wa jicho una usamawati. Bibi yake alikuwa akiyasifia macho hayo.

Hakunipa jina la ugonjwa. Alisema meno ya namna hii huweza kutokea peke yake bila shida ya mifupa, na wapo wenye mifupa hiyo ambao meno yao ni mazima kabisa. Aliandika barua ya rufaa, akaniambia nami niandike kila mvunjiko: tarehe, mfupa gani, ulitokeaje. Karatasi ile ilinisaidia kuliko maelezo yangu yote. Hospitalini Moshi waliisoma, wakapiga picha, wakasema: osteojenesisi imperfekta, mifupa dhaifu ya kurithi. Hitilafu iko kwenye jeni za kutengeneza kolajeni, si upungufu wa kalsiamu. (Makongoro yamejaa kolajeni, lakini jeni hairekebishwi kwa supu. Neema alifurahi kuliko wote.)

Wakamwita baba yake. Meno mafupi ya kahawia, tuliyoyaita ya maji miaka yote. Mguu uliovunjika utotoni kwa kuanguka kutoka kwenye mparachichi. Redio anayoifungulia hadi mwisho, kumbe hata masikio huguswa na ugonjwa huu. Macho yaleyale. Njiani kurudi alikaa kimya hadi tulipofika Usa River, kisha akasema, "Kwa hiyo hujampiga mtu." Nikacheka, nikalia.

Sasa magego ya Neema yamevikwa vifuniko vya chuma yasizidi kusagika. Hatumwinui kwa kumvuta mikono. Unapitisha kiganja chini ya makalio na kingine mgongoni. Nakala ya barua ya daktari imo kwenye begi lake la shule.

Mzazi mwenye aina hii ya ugonjwa, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Baba Neema ana ndugu watatu. Jumapili shemeji alikuja na kitoto chake cha mwaka na nusu. Nikakipakata, nikasogea nacho dirishani, nikakichekesha kifungue mdomo.