Unga, Mfuko Mmoja na Dola 600

Kazi yangu ni kuwahoji watu wanaoomba mikopo midogo katika taasisi moja ya fedha hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na wengi wa wateja wangu ni akina mama wanaouza unga, makala (yaani makaa ya kupikia), samaki wa barafu na vitenge katika masoko ya Kenya, Katuba na Ruashi, ambayo ni majina ya komini, yaani wilaya, za mji huu. Nje ya ofisi watu hudhani kwamba mahojiano ya mkopo ni mtego wa kumnasa mwongo. Waongo wapo, sikatai, ila hawanipi taabu sana, kwa sababu anayejisingizia biashara huishiwa maneno mara tu anapoulizwa bei ya jana na jina la mahali anaponunua. Anayenipa taabu ni mtu mkweli, mchapakazi, anayeheshimiwa na majirani, ambaye anaomba dola 600 huku dola hizo 600 ndizo zitakazoimaliza biashara yake.

Ndiyo maana siulizi mwanzoni, "Mama, unapata kiasi gani kwa mwezi?" Muuza unga hapati kwa mwezi. Anapata kila jioni, na kesho yake asubuhi sehemu kubwa ya alichopata imekwisha kuwa unga mwingine. Ukimlazimisha ajibu, atakutajia ama fedha zote zilizopita mikononi mwake, ama zilizobaki katika kitenge alichojifunga leo, na hakuna kati ya hizo mbili inayoweza kulipa mkopo. Mimi huanza na mzigo wenyewe: umenunua mifuko mingapi safari ya mwisho, kwa bei gani, lini, na leo imebaki mingapi. Maswali hayo hayamwaibishi mtu, na yeye huyajibu vizuri kuliko mhasibu yeyote.

Tuseme hununua mifuko 60 ya kilo 25, na mzigo huo humalizika kwa siku tisa au kumi, maana yake ni safari tatu kwa mwezi. Akiondoa nauli, wapagazi, ushuru wa soko na mifuko iliyopasuka njiani, kila safari humwachia dola 50, na kwa mwezi ni 150. Maajenti wengi hufunga daftari hapo. Kwangu mimi hapo ndipo mahojiano yanapoanza, kwa kuwa 150 hizo ndizo zinazolipa pango, makala, maji, dawa, nauli za watoto na bukari, yaani ugali, ya jioni, ambayo mara nyingi huchotwa moja kwa moja kutoka mfuko wa kuuza bila kuandikwa popote. Tukiyahesabu pamoja, bila haraka, tunafika dola 90. Zinabaki 60, na kwa kuwa ni lazima kitu kibaki kwa ajili ya ugonjwa na msiba, siwezi kumpangia rejesho linalozidi 40 kwa mwezi. Sasa, mkopo wa dola 600 kwa miezi 6, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayohesabiwa juu ya mtaji wa mwanzo, unadai dola 118 kila mwezi. Mkopo wa dola 200 kwa masharti hayo hayo unadai 39 na senti chache.

Mteja hunijibu, na jibu lake si la kijinga: ukinipa 600 nitaongeza mifuko, na faida nayo itaongezeka. Huenda. Lakini siingizi katika hesabu faida ambayo bado haijapatikana, kwa sababu rejesho la kwanza hudaiwa baada ya siku 30, ilhali walaji wa mtaa wake hawatakula bukari mara mbili zaidi kwa kuwa yeye amejaza ghala. Swali linalotenganisha mambo ni hili: je, hutokea unga ukakuishia huku wanunuzi bado wanakuja? Akisema ndiyo, na muuzaji wa meza ya pili akakubali kwamba huwapokea wanunuzi wake siku hizo, basi mtaji kweli hautoshi na nitamtetea mbele ya komiti ya mikopo. Ikiwa mifuko ya safari iliyopita bado imelala wakati gari jipya linashusha, anachokosa ni wanunuzi, na mkopo hauleti wanunuzi.

Haya yote hayaonekani vizuri nikiwa nimekaa mezani. Huwa naenda sokoni, na ikiwezekana naenda saa ambayo hakunitarajia, si kwa kumvizia bali kwa sababu siku ya miadi kila meza hupendeza. Natazama vumbi juu ya bidhaa, naangalia kama mifuko ya nyuma ni ya mwezi huu, naomba kuona daftari la wanaomdai na la anaowadai. Daftari hilo la pili hunifundisha zaidi ya kitu kingine chochote. Mfanyabiashara anayewakopesha walimu na askari unga hadi mwisho wa mwezi ana mtaji mzuri, lakini mtaji huo uko katika vyungu vya watu wengine. Siku hizi wengine hunionyesha orodha ya miamala ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, nami huitazama kwa heshima na kwa tahadhari, maana dola 100 zinazotoka kwa dada kwenda kwa kaka na kurudi mara nne zinaonekana katika simu kama biashara ya dola 400.

Unga wenyewe unahitaji uangalifu wa pekee. Sehemu kubwa ya tunachokula hapa hupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, chini ya kilomita 100 kutoka mjini, na kwa hiyo mvua ya Zambia ni suala la benki kwetu. Tarehe 29 Februari 2024, rais wa Zambia alipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na mavuno ya mahindi ya mwaka ule yakapungua kwa zaidi ya nusu, muuza unga aliyekuwa na mtaji wa mifuko 60 alijikuta na fedha zile zile zinazonunua mifuko pungufu kuliko awali. Hakuibiwa wala hakuzembea. Hata katika mwaka wa kawaida bei hupanda katika miezi ya mvua kabla ya mavuno ya Aprili na Mei, na anayekopa Desemba akanunua kwa bei ya juu anaweza kushikwa na bei ya chini kabla hajamaliza kulipa. Kwa sababu hiyo kila ombi la unga linalofika mwisho wa mwaka huliandikia muda mfupi kuliko linalofika Juni. Wazee wa mji huu hukumbuka kwamba zamani unga uliingia nyumbani kama posho ya kampuni, kila mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, akipewa sehemu yake. Kisha mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, na si mara moja nimekaa mbele ya mama ambaye alianza kuuza unga mwaka ule ule mumewe aliporudi nyumbani na bahasha.

Mfuko mmoja, basi, ndiyo shida. Biashara na nyumba hula kutoka mfuko mmoja, na kuna majira ambapo nyumba hula zaidi. Maombi ya mwezi Agosti na Septemba nayajua kwa harufu: karatasi inasema "kuongeza bidhaa", lakini shule zinafunguliwa. Masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipiwi tangu 2019, ila minervali, yaani ada, ya sekondari na ya chuo kikuu iko pale pale, pamoja na sare na madaftari. Simlaumu mzazi anayeficha jambo hilo, kwa kuwa sisi wenyewe tumemfundisha kwamba neno "biashara" hufungua mlango na neno "shule" huufunga. Ninachomwomba ni kuniambia wazi, kisha tuandike mkopo mdogo wa shule wenye rejesho linalotokana na faida ya kila safari, badala ya kujidanganya wote wawili kwamba fedha hizo zitarudi zenyewe kwa kuzunguka sokoni. Matanga ni jambo gumu zaidi, kwa sababu hayana majira, na hakuna mtu wa Katanga atakayemwambia shangazi yake kwamba hawezi kuchangia kilio kwa kuwa ana rejesho Ijumaa.

Hapo tunafika kwenye suala la mume, au la mke. Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kujifunga katika shughuli nyingi za kisheria. Marekebisho ya Julai 2016 yaliiondoa idhini hiyo, na kuweka mahali pake makubaliano ya wanandoa wote wawili. Hata hivyo, katika ofisi nyingi karatasi ya kusainiwa na mume imebaki palepale kana kwamba hakuna kilichobadilika, na wapo wanawake ambao huacha ombi lao mezani kwa sababu hawataki kumwonyesha mume kiasi walichonacho. Maoni yangu ni kwamba mwenza ajue, lakini ajue kila mwenza. Mwanamume anapoomba mkopo nami nikamwambia, "Papa, tutahitaji kuzungumza na mama wa nyumbani pia," wengine hukasirika, wengine hucheka. Ikiwa wanandoa hawakuchagua mpango mwingine wa mali, kile kilichopatikana ndani ya ndoa ni cha wote wawili, na televisheni anayoiweka rehani huenda ilinunuliwa na yule ambaye hajui kwamba imewekwa rehani. Zaidi ya hayo, mke ndiye atakayeniambia bei halisi ya bukari ya mwezi.

Kuhusu dhamana sina mengi. Hati kamili ya kiwanja ni cheti cha kusajiliwa, na wachache sana kati ya wateja wangu wanacho. Wengi huleta karatasi ya komini yenye jina la baba aliyefariki, huku ndugu sita wakiishi katika kiwanja hicho. Kuchukua karatasi ya namna hiyo ni kununua ugomvi wa familia. Kwa mikopo midogo tunaorodhesha friji, jenereta, pikipiki, nami naandika orodha hiyo kwa kuwa kanuni inataka, lakini sijawahi kuona friji ikijibu swali la kama mtu ataweza kulipa. Wenye mishahara nao ni rahisi: mkataba, karatasi tatu za malipo, basi. Jambo moja tu la kuangalia ni mfanyakazi wa kampuni ndogo inayohudumia migodi, mwenye mkataba wa miezi mitatu, anayeomba mkopo wa miezi 12.

Deni la siri ndilo linalonikosesha usingizi. Benki Kuu ina kumbukumbu ya mikopo inayotolewa na benki na taasisi zilizosajiliwa, lakini haina kumbukumbu ya Banque Lambert, yaani wale wakopeshaji wa mtaani ambao huweza kudai nusu ya ulichokopa kama riba ya mwezi mmoja, na ambao huchukua kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri. Ukimuuliza mtu moja kwa moja kama ana deni huko, atakana kwa aibu. Mimi humwambia mwalimu, "Mkubwa, naomba uniwekee kadi yako mezani tunakili namba ya akaunti," kisha nasubiri. Kama kadi "imesahauliwa nyumbani" siku mbili mfululizo, tunafunga mlango na kuzungumza upya, bila kuandika. Mara nyingine njia nzuri ni mkopo wa kulimaliza deni hilo, ukilipwa moja kwa moja kwa mdai mbele ya shahidi. Wenzangu kadhaa hawakubaliani nami, wakisema tunamtajirisha mnyonyaji. Labda. Lakini mkopo wowote mwingine nitakaompa mtu huyo utakwenda huko huko, tena bila mimi kujua.

Baada ya kuwauliza watu maswali haya yote, ni haki nao watuulize. Riba ile ya asilimia 3 niliyoitaja inaweza kuhesabiwa kwa njia mbili. Juu ya mtaji wa mwanzo, dola 600 kwa miezi 6 huzaa riba ya dola 108. Juu ya deni linalobaki baada ya kila rejesho, huzaa dola 63. Asilimia ni ile ile kwenye bango la mlangoni, tofauti ni dola 45, na anayelipa 108 kwa kweli analipa karibu asilimia 5 kwa mwezi. Bado kuna gharama ya faili, na kuna akiba ya lazima: ukikatwa sehemu ya kumi, unapokea 540 mkononi na kulipa riba ya 600. Mwombaji ambaye ameomba jedwali la marejesho kwa maandishi kabla ya kutia sahihi, akajumlisha mstari wa mwisho yeye mwenyewe, hanisumbui hata kidogo. Mkuu wangu anaweza kuwa na maoni tofauti.

Kisha iko dola yenyewe. Tunakopesha kwa dola, lakini mama anauza kwa franka, kipimo kwa kipimo. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikaribia franka 2,000, na mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,700, kwa hiyo rejesho la dola 39 lilizidi kuwa kubwa bila sisi kubadilisha tarakimu moja. Mwishoni mwa 2025 franka ikapanda thamani ghafla, wenye madeni ya dola wakapumua, na waliokuwa wameweka akiba ya dola chini ya godoro wakalia. Mama wa unga hawezi kutabiri hayo, wala mimi. Ninachoweza kumshauri ni abadilishe fedha kidogo kidogo kila safari badala ya kungoja mkesha wa rejesho, na akague kila noti anayopewa na wabadilishaji wa barabarani, kwa sababu noti ya dola 20 yenye mpasuko wa nusu sentimita, ambayo yeye aliipokea kwa imani, keshia wetu ataikataa, na jedwali litaandika kwamba amechelewa.