Upepo Kwanza, Bunduki Baadaye: Kuwinda Bata Mwitu na Bata Bukini

Wawindaji wengi wa bata wanaorudi mikono mitupu huilaumu bunduki, ilhali kwa mtazamo wangu mambo huwa yameshaharibika kabla hata hawajaishika, kwa kuwa wamejificha mahali ambapo ndege hawakukusudia kutua, au wamekaa vibaya kwa upande wa upepo.

Jioni inayotangulia siku ya kuwinda iwe ya kutazama tu. Bata bukini aghalabu hulala majini na alfajiri huruka kwenda kula mashambani, kwa hiyo anayewafyatulia risasi pale wanapolala huwafukuza katika eneo zima na kujinyima mawindo ya siku zinazofuata. Ni afadhali kuwafuata kwa macho mpaka shambani, kisha, wakishaondoka, kutafuta kinyesi kibichi na manyoya, maana hata katika shamba kubwa wana sehemu wanayoipenda, na aliyejificha hatua 100 pembeni anaweza kushinda akiwatazama wakitua kwingine.

Suala la upepo ndilo ninaloliwekea uzito kuliko yote. Bata hutua akiukabili upepo, kwa sababu humsaidia kubaki hewani huku akipunguza mwendo. Ukikaa ukiupa upepo mgongo, na bata wa bandia, yaani sanamu za kuwavutia ndege, wakiwa mbele yako, ndege watakuja wakikuelekea. Lakini mimi hupendelea upepo unaovuma kutoka ubavuni, kwa sababu hapo ndege huelekeza macho kwenye kiwanja chao cha kutua, si kwenye maficho yangu. Katikati ya bata wa bandia pawe na uwazi mpana ulio wazi upande wanakotokea ndege, kwani bata bukini hasa hawapendi kutua kwa kupita juu ya vichwa vya wenzao. Siku ya shwari, maji yakiwa yametulia kama kioo, bata wa bandia wasiotikisika huwatia ndege shaka, na kamba moja ya kuvuta ili kuleta viwimbi ina faida kuliko kuongeza bata wengine kumi.

Maficho yafunikwe kwa majani yale yale yanayoota mahali hapo. Kinachowafichua watu zaidi ni uso ulioinuliwa juu, ambao hung'aa kuliko wanavyodhani. Baadhi ya bata bukini huishi zaidi ya miaka 20, na mkongwe wa namna hiyo hadanganyiki kirahisi. Filimbi ya kuigiza sauti ya bata nayo itumike kwa uchache: ipulizwe ndege wanapogeuka kwenda zao, na wakishaanza kuja, kimya.

Subiri mpaka mabawa yapinde, miguu ishuke na vidole vyenye utando vionekane vimetanuka. Mita 35 ndio mpaka wangu, na bata wa bandia aliyewekwa mbali zaidi huwa kipimo changu. Chagua ndege mmoja, kwa sababu anayelenga kundi hupiga hewa, na usiusimamishe mtutu unapofyatua. Marekani ilikamilisha marufuku ya marisau (vipunje vinavyofyatuliwa na bunduki) ya madini ya risasi kwa ndege wa majini mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2023 kwa maeneo oevu, kwa kuwa ndege huyameza wakitafuta chakula na kudhurika kwa sumu. Marisau ya chuma ni mepesi na hupoteza kasi mapema, hivyo chagua yaliyo makubwa kwa saizi mbili hivi kuliko yale ya madini ya risasi, kisha yajaribu kwenye karatasi pana kwa umbali ule ule utakaowindia, uone yanavyotawanyika.

Ndege aliyeanguka majini kichwa kikiwa bado kimeinuka apigwe tena papo hapo, mradi hakuna mtu wala mbwa upande huo, kwa sababu bata aliyejeruhiwa huzama na kuibukia kwenye matete, ambako hata mbwa hodari hupata taabu kumtoa. Aliyeangukia kwenye nyasi ndefu, usimwondolee jicho. Kariri alama iliyo nyuma ya pale alipoangukia, na usifyatue tena mpaka apatikane.