Ngome Kongwe ilikuwa depo ya treni

Jamani Unguja treni ilikuwepo, tena si mara moja. Watu wakisikia reli wanafikiria Mombasa na ile ya kwenda Uganda ambayo ilianza kujengwa 1896, wakati huku kwetu Sultan Barghash alishatandika reli tangu 1879, kutoka jumba lake la mjini mpaka Chukwani, kama maili 7 hivi, mwanzo mabehewa yakivutwa na nyumbu halafu 1881 ikaagizwa injini ya mvuke Uingereza. Ila ile ilikuwa ya mfalme, alipofariki 1888 ikang'olewa, injini nayo ikawa chuma chakavu, basi.

Ninayoipenda mimi ni ya pili, ya kutoka mjini kwenda Bububu, maana ile ndo walipanda watu. Waliijenga kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, mwaka 1905, maili 7 tena, na mwanzo wake ni pale Forodhani, Ngome Kongwe. Ngome ile ile waliyoijenga Waomani baada ya kumtoa Mreno mwishoni mwa karne ya 17, ikaja kuwa depo ya reli, baadae miaka ya 1940 ikageuzwa klabu ya akina mama ya tenisi, na miaka ya karibuni ndo tukawa tunajazana mle Februari kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara. Mi nikiingia pale macho yangu yanaenda chini kwanza, natafuta vyuma.

Kulikuwa na behewa la daraja la kwanza kwa wageni wa melini, washuke wakaone shamba kidogo kabla meli haijang'oa nanga. Lakini walioijaza treni hasa ni wenyeji, usiku na mchana inakwenda, watu wanaingia mjini na kurudi zao shamba. Ilikuwa taratibu na haina raha yoyote, ila inakufikisha, na kwa mtu aliyezoea kutembea mguu toka Bububu mpaka mjini ile ni neema kubwa sana.

1911 serikali ikainunua. Halafu barabara ikatengenezwa, motokaa zikaingia, na 1922 abiria wakasimamishwa, treni ikabaki kubeba mawe ya kujengea bandari mpaka nayo ikafa mwishoni mwa miaka hiyo ya 20. Hapa ndo naumia kwa kweli, kwa sababu safari yenyewe haijafa hata siku moja! Daladala za njia namba 502 zinapita Maruhubi, Mtoni, Kibweni hadi Bububu, upande ule ule, na watu ni wale wale, mwanafunzi, mama na kikapu chake, fundi na sululu yake juu ya keria. Depo na stendi ndo zinazohamahama, Ngome, baadae Darajani, sasa Kijangwani, na kila pakihamwa historia ya pale inahamwa pia, hakuna anayeichukua.

Mi naona wangeiandika pale stendi kwa herufi kubwa, mtu akisubiri gari asome.

Na nyie wa Bububu, Kibweni na Mtoni, kama bibi au babu yenu aliwahi kuwasimulia treni ilikuwa inasimama wapi kupakia watu, au mnayo picha kabatini, niandikieni hapo chini, nataka nichore ramani ya vituo vyote.